Mumiani, Dracula na Kaseti: Safari ya Mnyonya Damu Kutoka Pwani Hadi Lalago

Neno mumiani lilipoingia pwani ya Afrika Mashariki lilikuwa jina la dawa. Asili yake ni Uajemi, ambako lilitaja lami nyeusi itokayo mwambani, iliyosifiwa kwa kuunga mifupa na kutuliza maungo yaliyoteguka. Mnunuzi wa pwani aliijua kama donge jeusi ambalo huyeyushwa kwa samli, likapakwa au likanywewa. Lakini jina hilohilo, katika nchi za Kiarabu na kisha Ulaya, lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye maiti za Misri ya kale zilizotiwa dawa zisioze, kwa kuwa iliaminiwa kwamba zimepakwa lami hiyo. Na kwa karne kadhaa vipande vya maiti hizo viliuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya. Dawa na mwili wa mtu vikakaa ndani ya neno moja. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson inataja yote mawili: dawa iliyosemwa kutoka Uajemi, na imani ya watu wengi kwamba donge lile ni damu ya binadamu iliyogandishwa, kiasi kwamba uvumi ukianza mjini ni nadra mtu kutoka nyumbani baada ya magharibi.

Hatimaye dawa ikasahauliwa, akabaki mtu. Leo ukimtaja mumiani, msikilizaji hafikirii donge la lami. Anamfikiria mwenye kuvizia damu.

Mtu huyo alikuwa wa namna ya peke yake. Katika miaka ya utawala wa kikoloni, Nairobi, Mombasa na Kampala, aliitwa mzimamoto, kwa sababu iliaminiwa kuwa askari wa zimamoto ndio wakusanyao damu kwa ajili ya wakubwa wao. Bara la Tanganyika aliitwa pia chinjachinja. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu minong'ono ya damu na historia ya ukoloni, na kabla yake Peter Pels, mwaka 1992, alikwisha kuandika juu ya mumiani wa Uluguru. Msomaji wa kazi hizo hakosi kuona jambo moja: mumiani hana meno marefu. Ana sare, gari, ndoo na sindano. Hakai katika magofu. Anakaa katika jengo la serikali. Hatamani damu kwa kiu yake mwenyewe. Amelipwa kuitafuta, na yule atakayeinywa au kuiuza hajulikani. Watu walioona damu yao ikichukuliwa kwa vipimo vya malale bila ya kuelezwa inakokwenda, na walioona gari jekundu likikaa wiki nzima bila ya kuzima moto wowote, walijiuliza kazi ya vitu hivyo ni nini, wakajijibu.

Lugha ya siasa nayo ilichota katika kisima hichohicho. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangaza vita dhidi ya unyonyaji, halikuhitaji kulifafanua neno lenyewe kwa mtu wa kijijini. Kupe, mirija na mnyonyaji vilikuwa na picha tayari. Karl Marx, mwaka 1867, alikwisha kuufananisha mtaji na mfu anayeishi kwa kunyonya kazi ya walio hai. Wasikilizaji wa Kiswahili walikuwa wamefika karibu na hapo kwa njia yao, bila ya kupitia kitabu.

Mnyonya damu wa Ulaya alizaliwa katika mazingira mengine. Bram Stoker alitoa riwaya yake ya Dracula mwaka 1897. Mwaka 1922 F. W. Murnau, Mjerumani, aliigeuza kuwa filamu isiyo na sauti iitwayo Nosferatu, akabadili majina ya wahusika. Mwaka 1931, huko Marekani, Tod Browning alimvika Bela Lugosi joho jeusi, na sura ile ikawa ndiyo sura ya Dracula dunia nzima. Mwaka 1958 kampuni ya Hammer ya Uingereza ikamtoa tena kwa rangi, Christopher Lee akiwa bwana mwenye damu mdomoni na macho yaliyofanywa mekundu kwa lenzi alizovaa. Huyu ni bwana wa zamani aliyekataa kufa. Anatoka katika ngome, analala jenezani, anaogopa msalaba na mwanga wa jua. Kitisho chake ni kitisho cha mambo ya kale yasiyokubali kuzikwa, hali mumiani ni kitisho cha mambo mapya yasiyoeleweka.

Mara moja wawili hao walikaribia kukutana. Katika filamu ya Blacula ya mwaka 1972, iliyoongozwa na William Crain, William Marshall aliigiza mwana wa mfalme wa Kiafrika aitwaye Mamuwalde, ambaye mwaka 1780 anakwenda kwa Dracula kuomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa. Dracula anamcheka, anamnyonya, anampa jina lake, kisha anamfungia jenezani. Kwa msomaji wa pwani, ambaye anajua kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, mfano huo hauhitaji maelezo marefu: mwenye kunyonya damu na mwenye kumiliki watu wamekuwa mmoja.

Swali linalofuata ni hili: watu waliokwisha kumwogopa mumiani walimpokeaje mnyonya damu wa sinema? Wakubwa wa kikoloni walikuwa na jibu lao. Jaribio la filamu za elimu lililoendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, lilijengwa juu ya dhana kwamba mtazamaji wa kijijini huhitaji picha za polepole na hadithi nyepesi. Wakaguzi wa filamu nao waliogopa kwamba Mwafrika hatatofautisha kivuli cha ukutani na mtu wa kweli. Historia ya majumba ya sinema yenyewe inasema vinginevyo. Unguja ilikuwa na jumba lake tangu miaka ya 1920, na Majestic pale Vuga lilifunguliwa mwaka 1955 mahali pa jumba lililotangulia, lililoungua. Laura Fair, katika utafiti wake mrefu uliotoka mwaka 2018, ameonyesha jinsi watazamaji wa miji ya Tanzania walivyozijadili filamu za Kihindi, za Kiarabu na za Kimarekani, wakazipima kwa maisha yao, wakachukua mtindo wa nywele hapa na wimbo pale. Hao si watu waliodanganywa na kivuli.

Tofauti iko katika umbo lenyewe la hadithi. Mnyonya damu wa sinema anakuja na mambo matatu ambayo mumiani hana: sura, kanuni na mwisho. Sura yake inajulikana, kwa hiyo jirani hawezi kushukiwa kuwa ndiye. Kanuni zake zinajulikana, kwa hiyo ipo njia ya kumshinda, iwe kigingi cha mti au mwanga wa alfajiri. Na mwisho wake unajulikana: filamu inakwisha, taa zinawashwa, watu wanatoka wakicheka na kusukumana. Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kwa upande wao. Utenzi wa vita hauogopeshi kama vita, kwa sababu umefungwa kwa mizani na vina, na msikilizaji anajua kuwa beti zitafika tamati. Uvumi hauna mizani. Hauna mtunzi wa kuulizwa wala ubeti wa mwisho, na sura yake ni ya mgeni yeyote atakayepita.

Ili kuliona jambo hili nje ya miji yenye majumba ya sinema, na atazamwe mji mdogo wa Lalago. Upo Usukumani, kusini mwa Bariadi, katika Wilaya ya Maswa ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, tambarare yenye miti michache. Wasukuma wana dubwana lao la kale, Shing'weng'we, aliyemeza watu wote wa nchi isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito. Mtoto aliyezaliwa, Masala Kulangwa, alipokua alimuua dubwana yule, akampasua na kuwatoa watu wakiwa hai. Hadithi hii nayo ina sura, kanuni na mwisho. Mtoto anayeisikia usiku huogopa, kisha hulala.

Lakini nchi hiyohiyo imekuwa na kitisho kingine kisicho na mwisho. Tangu miaka ya 1970, katika mikoa ya Usukuma, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na alama iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Sababu ya macho hayo inajulikana. Palipo na miti michache, mwanamke hupikia mashina ya pamba na samadi iliyokauka, katika jiko la ndani lisilo na tundu la kutolea moshi. Miaka arobaini ya moshi huyaacha macho yakiwa mekundu. Christopher Lee aliyafanya yake mekundu kwa lenzi, na jioni akazivua. Bibi wa Usukumani hakuwa na cha kuvua. Aliyehukumiwa kwa macho yake hakuhukumiwa na watu waliotoka kutazama filamu. Alihukumiwa na mnong'ono, na mara nyingi nyuma ya mnong'ono palikuwa na shamba, urithi au kifo cha mtoto kilichokosa maelezo.

Filamu zilifika miji ya namna hii kwa njia ya kaseti. Zanzibar ilipata televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila ya matangazo ya televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya bara, deki ya video ilitangulia kituo cha televisheni. Palipokuwa na jenereta, televisheni moja na mabenchi, palikuwa na banda la video. Kiingilio kilikuwa kidogo, na msimu wa kuuza pamba ndio uliokuwa na fedha. Mtazamaji wa banda hakuchagua kati ya toleo hili na lile. Alipata nakala ya nakala, rangi zimefifia, michirizi ikipita juu na chini, na katika filamu ya kutisha weusi wa usiku ulikuwa umegeuka kijivu.

Pamoja na upungufu huo, banda lilizaa sanaa. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, Kihindi au Kichina, na watazamaji walitaka kuielewa. Akatokea msimulizi wa kuifasiri kwa Kiswahili papo hapo, kisha sauti yake ikaanza kurekodiwa juu ya kaseti yenyewe. Nchini Uganda wasimulizi hao huitwa VJ. Nchini Tanzania jina lililovuma zaidi ni la Lufufu, ambaye jina lake kamili ni Derek Gaspar Mukandala. Mfasiri wa namna hii hakufungwa na maneno ya mwigizaji. Alieleza, alionya, alitania, akampa mgeni jina la mtaani, akalinganisha ngome ya mbali na nyumba inayojulikana na wote. Wenye kuthamini tafsiri ya vitabu wanaweza kuidharau kazi hii kwa uhuru wake, lakini iliwafikia watu ambao hakuna kitabu kilichotafsiriwa kiliwafikia. Na kwa suala la mnyonya damu ilifanya jambo la maana: ilimweka mtu wa kuzungumza kati ya mtazamaji na kitisho. Penye msimulizi pana anayejua mwisho.

Kisha Watanzania wakaanza kutengeneza wanyonya damu wao. Filamu za Nigeria, tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, zilionyesha kwamba kamera ndogo ya video na soko la kaseti vyatosha kuanzisha tasnia. Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, kwa jina lililotoka kwa Wanyakyusa na linalohusu mfu anayerudi. Na mwaka 2005 akatoa Shumileta, juu ya jini mwanamke anayempenda binadamu. Claudia Böhme, mtafiti wa Kijerumani aliyezichunguza filamu hizi kwa karibu, ameonyesha jinsi zilivyounganisha jini wa pwani, mzimu wa bara, mbinu za Nigeria na mnyonya damu wa sinema za Magharibi. Mtu anaweza kuzikosoa kwa sauti mbovu na mwanga usiotosha. Hata hivyo zilikuwa kazi za kwanza ambamo woga wa watu wa hapa ulipewa sura, kanuni na mwisho kwa lugha yao wenyewe, katika nyumba zinazofanana na zao.

Hapa ndipo historia ya kaseti inapouma. Huko Ulaya na Marekani, mnyonya damu wa sinema ameokolewa na nakala zake. Mjane wa Stoker aliwashitaki watengenezaji wa Nosferatu kwa kutumia riwaya bila ya idhini, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziharibiwe. Filamu ilipona kwa sababu nakala nyingine zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka. Karne ilipogeuka vipande vyake vikaunganishwa tena, rangi za zamani zikarudishwa, na tangu mwaka 2007 toleo hilo linauzwa kwa diski. Dracula ya Kihispania, iliyopigwa usiku mwaka 1930 katika majukwaa yaleyale aliyotumia Lugosi mchana, ilikuwa na sehemu iliyoharibika hadi nakala nzima ilipopatikana Havana. Dracula ya Hammer ilikuwa imekatwa na wakaguzi; baadhi ya picha zilizokatwa zilipatikana Japani katika mikanda iliyounguzwa kwa moto, zikarudishwa, na mwaka 2013 toleo jipya likatolewa kwa ajili ya watazamaji wa nyumbani. Kwa sekunde chache za mnyonya damu akigeuka vumbi, watu walivuka bahari.

Filamu za Banzi na wenzake, na kaseti zenye sauti za wasimulizi, hazikupata ulinzi wa namna hiyo. Nyingi zilitoka kwa kaseti za VHS, kisha kwa diski za VCD. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku. Unyevu wa pwani huuotesha kuvu, joto na vumbi la bara huukwaruza, na kila mara unaponakiliwa picha hupungua. Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo. Tangu hapo kila deki inayokufa ni mlango unaofungwa, hata kwa kaseti iliyo nzima.

Miezi mitatu baadaye, mwanzoni mwa Oktoba 2016, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuwa na gari na vifaa vya kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ulitangulia kuwa ni wanyonya damu. Waliuawa, na gari lao likachomwa moto. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa kwa shutuma hiyohiyo, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya. Visiwani nako hakuna wa kushangaa kwa mbali: mwaka 1995, katika msimu wa hofu ya Popobawa, umati uliua mtu mjini Unguja kwa kumdhania kuwa ndiye.

Gari, vifaa, wageni wenye kazi isiyoelezwa: aliyeuawa Chamwino alikuwa mumiani yuleyule wa miaka ya 1930, hakuzeeka hata siku moja. Yeye hakuhitaji kaseti wala diski wala ghala la kuhifadhiwa. Amehifadhiwa mdomoni, tena kwa ukamilifu ambao mhifadhi wa filamu angeuonea wivu. Kinachooza ni ile kazi nyingine, iliyomchukua mnyonya damu ikamweka mahali ambapo anaweza kutazamwa, kuchekwa na kumalizwa.

Haitasemwa kwamba filamu ingewaokoa wale watatu. Kilichokosekana Iringa Mvumi kilikuwa ni mtu wa kueleza, kabla ya gari kufika, kwamba wageni wanakuja, ni nani, na watachukua nini. Hiyo ni kazi ya ofisi ya kijiji, na ni kazi isiyo na gharama kubwa. Lakini watu wanaotaka kujua jinsi jamii ya Waswahili na majirani zao ilivyopambana na woga wake hawawezi kuisoma historia hiyo katika mashitaka ya mauaji peke yake. Wanahitaji pia kuona ilivyocheza na woga huo. Ushahidi huo umo katika kaseti zilizobaki makabatini, katika maduka yaliyokwisha kubadili biashara, na katika miji kama Lalago ambako mwenye banda la zamani huenda bado ana boksi chini ya kitanda. Taasisi za nyaraka za Zanzibar na za Bara zimezoea karatasi. Zina wajibu wa kuzoea utepe pia, maana deki moja inayofanya kazi na mtu mwenye subira vinaweza kuhamisha kaseti mbili au tatu kwa siku. Kazi hiyo haiwezi kungoja kizazi kingine, kwa kuwa kuvu hakingoji.